Mkokoteni wa Kibao cha Tisa

Jumatano, 30 Oktoba 1996

Bukavu imeanguka. Nimeisikia redioni saa moja asubuhi nikimpakia Laetitia siagi kwenye mkate, na kisu kikabaki kimening'inia mkononi mpaka mtoto akaniuliza kama naumwa. Mama yangu anakaa Kadutu, ng'ambo ya soko. Ana miaka sitini na nne na magoti mabovu. Ndugu yangu Noé anaishi naye. Simu hazipiti. Nimejaribu mara kumi na moja kwenye duka la simu la Chaussée de Gand, hapa Bruseli, hadi mwenye duka, Mmoroko mpole, akanivutia kiti akanimiminia chai.

Mume wangu Rigobert alirudi kazini ana furaha. Neno hilo naliandika makusudi. Alikuwa na ramani kubwa ya Zaire, akaibandika ukutani jikoni, juu ya meza tunayolia chakula. Akachukua kalamu nyekundu, akachora duara juu ya Uvira na jingine juu ya Bukavu, miji ambayo waasi wamemnyang'anya Maréchal, rais wetu, na tarehe pembeni.

"Mama Laetitia, unaona? Maréchal anaanguka! C'est fini. Hii njo victoire!"

"Na mama yangu?"

"Mama yako, banamuletea uhuru mpaka ku mulango. Juu ya nini unalia?"

Sikuwa nalia. Nilikuwa nachagua sufuria ya kumpiga nayo.

Jumatatu, 4 Novemba

Kazini tumeletewa oda kubwa. Nafanya kazi kwa Jean-Pierre, mwenye karakana ya sanamu za plasta ukingoni mwa mfereji, hapa hapa Molenbeek. Niliajiriwa kufagia, mwaka wa pili alikosa mtu akanipa ndoo, na tangu hapo namimina mimi. Huko Bukavu nilikuwa mwalimu. Hapa najua kwamba maji yanatangulia, kisha unga wa plasta unanyunyizwa juu yake taratibu mpaka uache kuzama, na anayegeuza utaratibu huo anapata uji wa mabonge na matusi ya Jean-Pierre.

Oda yenyewe ni vibao kumi na viwili, nakala za mawe ya mnara wa ushindi ambao Warumi waliujenga zaidi ya miaka elfu moja na mia nane iliyopita, mahali ambapo leo ni Romania, walipokwisha kuwapiga watu walioitwa Wadaki. Mnara mzima ulizungushiwa vibao zaidi ya hamsini vya picha za kuchonga. Kalibu za mpira zimekuja kwa lori, zimefungwa kwenye majani makavu. Maonyesho ni Aprili.

"Waliutoa kwa mungu wao wa vita," Jean-Pierre alisema akisoma karatasi. "Mars mlipiza kisasi."

Nikamwambia huyo mungu namjua, yuko jikoni kwangu.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua. Hakuna habari. Duara juu ya Goma.

Alhamisi, 14 Novemba

Wazima! Padri mmoja wa Bunyakiri ana ile redio ya misheni tunayoiita phonie. Noé alimpa maneno, maneno yakaruka kutoka misheni hadi misheni, na leo saa nane mchana tonton Constant, mkubwa wetu sisi watu wa Bukavu hapa Bruseli, akanipigia simu karakana. Alinisomea kama alivyoandika: "Tuko bazima. Mama iko juu ya kinga, miye nasukuma. Alitoka na kamambili tu. Njia ya kurudia imefungwa. Tunaendelea Hombo."

Mama yangu juu ya baiskeli, na kandambili miguuni! Mwanamke aliyekuwa akisema baiskeli ni ya wauza mkaa. Nilicheka mpaka Jean-Pierre akazima mashine kunitazama, halafu sijui ni saa ngapi kicheko kiligeuka kilio.

Jioni nilimwonyesha Rigobert Hombo kwenye ramani. Iko magharibi. Wanakimbia kuelekea kulekule ambako miduara yake inaelekea.

Ijumaa, 22 Novemba

Leo nimemimina kibao cha tisa.

Vile vinane vya mwanzo ni askari. Askari na ngao, askari na farasi, askari anamchoma mtu mkuki, tarumbeta. Wote shingo fupi na macho ya kutumbua. Jean-Pierre anasema hiyo si kazi ya mafundi wakubwa, pengine walichonga askari wenyewe. Mimi niliifanya kazi bila kuitazama sana. Plasta ikishika hupata joto, dakika ishirini hivi, unaweka kiganja unaisikia. Kisha inapoa na unageuza.

Nilipogeuza hiki nikaona mkokoteni. Magurudumu manne, ng'ombe mbele, na juu yake familia. Mwanamume mmoja. Mwanamke amekaa kwa namna ile ya mtu ambaye amekaa hivyo tangu jana. Mvua na upepo wa karne zote hizo vimemla uso, hana jicho wala mdomo, lakini mabega yake yalikuwa yanasema yote.

"Hawa wamewekwa kwa nini kwenye mnara wa ushindi?" nikamuuliza Jean-Pierre.

"Mshindi asipowachonga aliowashinda, nani atajua kwamba ameshinda?"

"Walikuwa wanakwenda wapi?"

"Hakuna ajuaye. Labda walikuwa wanakimbia. Labda walikuwa wanahama."

Usoni pa yule mwanamke palikuwa na matundu mawili ya mapovu ya hewa. Nikayaziba, na kidole kikaendelea kidogo, kikaanza kumwekea pua. Jean-Pierre akanishika mkono. Sheria ya karakana ni hiyo: unaziba kosa la plasta, hugusi alichoharibu wakati. Nikafuta. Nilikuwa na hasira naye siku nzima na yeye hana kosa.

Jumapili, 1 Desemba

Butembo. Beni. Kalamu nyekundu imeanza kunuka ndani ya nyumba hii.

Jumatano, 18 Desemba

Walikale imekamatwa. Ukitoka Hombo ukafuata barabara, unakofika ni Walikale.

Nilirudi saa kumi na moja nikakuta wanaume wanne jikoni, kreti ya bia sakafuni na Rigobert amesimama juu ya kiti. Alikuwa amechora duara nene kuliko yote, tarehe, na pembeni neno VICTOIRE, ushindi, na alama ya mshangao.

"Shemeji, karibu! Leo ni leo!" wakapiga kelele.

Nikawauliza kama kuna hata mmoja wao mwenye mama kwenye barabara ile. Wakatazama chupa zao. Rigobert akashuka kwenye kiti.

"Mama Laetitia, usituaribie siku. Vita ni vita. Donc kama batu banakimbia kidogo, batarudia."

"Magoti ya mama yangu yanakimbia kidogo?"

Akainua shati mbele ya wageni. Ana makovu matatu mgongoni, ya mwaka themanini na tisa, polisi wa Maréchal. Nayajua, niliyakanda kwa maji ya chumvi mimi mwenyewe.

"Na hii? Hii nani atailipa?"

Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Kuna nyakati mtu unayetaka kumchukia ana haki nusu, na nusu hiyo anakuzungushia usoni. Nikachukua sufuria ya maharagwe jikoni, sufuria nzima na kifuniko chake, nikamshika Laetitia mkono, tukaenda kula kwa jirani. Wao wabaki na bia.

Jirani yangu ni Rukiya, Mrundi wa Bujumbura, alikuja mwaka tisini na tatu na watoto wawili na funguo za nyumba ambayo haipo. Hakuniuliza kitu. Alipakua maharagwe yangu kwenye sahani zake.

"Kula kwanza, dada. Utakasirika vizuri ukishiba."

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Sikuimba.

Ijumaa, 3 Januari 1997

Mfereji umeganda. Wazee wa Molenbeek wanasema hawajauona hivi kwa miaka mingi. Watoto wanautupia mawe na mawe yanabaki juu. Plasta inakataa kukauka. Jean-Pierre anawasha majiko mawili na bado tunaona pumzi zetu.

Nimemnunulia mama viatu. Vya ngozi, soli nene ya mpira, namba thelathini na nane, kutoka duka la Mturuki la Saint-Josse. Nimeviweka juu ya kabati ndani ya boksi lake. Rigobert aliuliza nitavituma kwa njia gani. Nikamwambia nitavichonga kwenye mnara.

Jumatatu, 20 Januari

Hakuna.

Jumanne, 4 Februari

Hakuna. Kalemie imezungushiwa duara.

Jumatano, 19 Februari

Kibao cha kumi na mbili, cha mwisho: wanaume wawili wamefungwa mikono, na askari kashika mnyororo. Askari hawatazami. Hiyo ndiyo sehemu iliyochongwa vizuri, kule kutotazama kwake. Aliyechonga alikuwa amekiona kitu hicho kwa macho.

Nimepiga picha ya kibao cha tisa kwa kamera ya karakana. Jean-Pierre alinitazama, akaniachia.

Jumatatu, 3 Machi

Redio inasema Lubutu imekamatwa, na Rigobert hajachora duara. Nilimuuliza.

"Kalamu imekauka."

Nikaijaribu pembeni mwa gazeti. Inaandika vizuri kabisa.

Alhamisi, 6 Machi

Ameosha vyombo. Hakuombwa. Asubuhi nilikuta viatu vyangu vya kazi vimefutwa plasta yote, hata kwenye kamba. Mwanamume akianza hivyo kuna jambo amelifanya. Nadhani ameona aibu na hana ulimi wa kusema. Nimemwacha ateseke.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani wanawake wamenikumbatia muda mrefu mno. Tonton Constant akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ma fille, unalalaka? Unakulaka?"

Wiki tatu hakunipigia hata simu, akihesabu miji na wenzake, leo ndiyo ananiuliza kama nalala. Nikajibu nalala sana, nikachomoa mkono.

Jumatano, 12 Machi

Rukiya ameleta pilau, siku ya kawaida tu. Nilimwonyesha viatu vya mama. Akakishika kimoja, akakigeuza akaangalia soli, akakirudisha kwenye boksi kwa uangalifu kama ni yai, akasema ana mafua, akaondoka. Pilau hakuigusa.

Jumamosi, 15 Machi

Kisangani. Redio haisemi kitu kingine. Huko Matonge, mtaa wa Wazaire hapa mjini, wanasema watu wanacheza barabarani.

Rigobert alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Kesho kiisha misa tunaenda kwa tonton Constant. Batu bote batakuwa pale."

"Kusherehekea Kisangani."

Akaanza kuvua soksi.

"Sema! Kusherehekea Kisangani?"

"Uje tu, Gracieuse. Nakuomba."

Huwa haniiti Gracieuse. Basi nitakwenda. Nitaichukua ile picha ya mkokoteni na nitaipiga juu ya meza yao katikati ya chupa, niwaambie: huu hapa ushindi wenu, mtazameni, huyu ni mama yangu na hana hata uso. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Laetitia amelala kwa Rukiya.

Jumapili, 16 Machi

Naandika kwa sababu mkono unataka kufanya kitu.

Tonton Constant anakaa Saint-Gilles, ghorofa ya pili, nyumba ya zamani iliyokatwa vyumba. Kwenye ngazi niliona viatu vingi mlangoni na damu ikanipanda. Niliingia bila kusalimu. Nikaitoa picha, nikaipiga mezani.

"Nimekuja kuwaonyesha ushindi wenu," nikasema, nikaanza. Nilisema yote. Nilisema kuhusu bia, kuhusu kiti alichopanda Rigobert, kuhusu magoti. Nilikuwa nimefika kwenye uso wa yule mwanamke ndipo nikasikia kwamba hakuna anayenijibu.

Hapakuwa na chupa mezani. Televisheni ilikuwa imefunikwa kitambaa. Viti vyote vimesogezwa ukutani, wanaume wamevikalia, na wanawake wako chini kwenye zulia, vitenge vimefungwa kiunoni, miguu imenyooshwa. Rukiya alikuwa pale, na mtandio wake. Na pembeni ya dirisha baba mdogo Bienaimé, mdogo wa marehemu baba yangu, anayekaa Liège na ambaye hatoki Liège kwa sababu ya miguu yake.

Nilimwona baba mdogo nikaelewa.

Kwetu habari ya kifo haiambiwi mtu peke yake. Haipigiwi simu kazini, hairopokwi jikoni. Wanaojua wananyamaza mpaka watu watimie, mpaka mkubwa wa damu yako afike, ili ukianguka pawe na mikono. Najua. Mwaka juzi mimi mwenyewe nilikaa siku tano na mwanamke wa Etterbeek, nikala wali wake, nikacheka vichekesho vyake, huku nikijua mume wake yuko mochwari ya Bukavu. Nilijiona mwema.

"Ma fille, kaa kwanza," tonton Constant akasema.

"Sikai."

"Kaa, binti yangu," baba mdogo akasema.

"Semeni nikiwa nimesimama!"

Tonton Constant alivua miwani.

"Mama alituacha. Noé alifika Goma, akapiga simu kwa Rigobert le premier mars. Tulikuwa tunangoja baba yako mudogo apone kidogo apande treni. Alituacha le dix-neuf décembre."

Desemba, tarehe kumi na tisa. Viatu nilivinunua Januari.

Nilimwendea Rigobert. Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, nikamwambia wiki mbili, tangu tarehe moja Machi, wiki mbili ulikuwa unanitazama nikila, ukaniangalia nikitunza viatu vya maiti juu ya kabati. Hakuna aliyenizuia. Hakuinua mikono. Alikuwa analia wazi, kamasi mpaka mdomoni, na aliendelea kusema neno moja tu, "Piga, piga." Ndipo wanawake wakanishika, wakanishusha kwenye zulia, na mmoja akaanzisha kilio, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

Jumatatu, 24 Machi

Wiki ya matanga imekwisha. Watu wamekuja, wamepika, wameimba. Sina wa kumshukuru leo, nitawashukuru mwakani.

Noé amepiga simu. Nilimuuliza wapi hasa. Akasema kati ya Hombo na Walikale, kuna mto mdogo na daraja la miti. Kuhara, siku tatu. Wasingeweza kuendelea kwa sababu Walikale ilikuwa imekamatwa, wasingeweza kurudi kwa sababu nyuma kulikuwa na risasi. Walikaa darajani. Alimzika kando ya barabara na jembe la kuazima, na baiskeli akampa mwenye jembe.

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama kwenu kuna baridi."

Nilikwenda jikoni. Ramani iko palepale. Duara nene juu ya Walikale: 18/12, VICTOIRE! Siku ya pili yake mama yangu alikufa, upana wa kidole kutoka kwenye lile duara, mahali ambapo mchora ramani hakuona sababu ya kuandika kitu.

Rigobert alitaka kuibandua. Nikamkatalia. Aile nayo chakula kila siku.

Alhamisi, 10 Aprili

Sisi wa karakana tulialikwa leo asubuhi saa nne. Wenye mvinyo watakuja kesho. Jean-Pierre alivaa tai. Nilimwambia Rigobert aombe ruhusa kazini twende wote, na tangu ile Jumapili hakuna ninachomwambia akakataa.

Ukumbi ni mkubwa, mweupe. Vibao vyetu kumi na viwili vimezungushwa kama vilivyokuwa kwenye mnara, na vingine vimewekwa kwa picha. Kuna bango kubwa mlangoni. Rigobert alitembea haraka, kama nilivyotegemea; alisimama kwa askari wa farasi, alisimama kwa tarumbeta. Halafu akafika kwenye cha tisa.

Alikaa pale muda mrefu. Nilikuja nikasimama nyuma yake.

"Njo huyu," akasema.

"Ndiye. Sasa nionyeshe walipoandika jina lake."

Alinitazama kuona kama namtega. Nilikuwa namtega. Akaanza kusoma. Alisoma kibandiko cha chini, akarudi mlangoni akasoma bango zima kwa kidole, akazunguka vibao vyote na picha zote. Jina la mfalme wa Warumi lipo mara tisa, amehesabu. La mungu wao wa kisasi lipo. Majina ya vikosi yapo. Alirudi ana jasho.

"Haiko."

"Tafuta tena."

"Gracieuse, haiko. Habakuandika."

Tulirudi kwa miguu kando ya mfereji. Nyumbani hakuvua koti. Aliingia jikoni, akachukua kalamu juu ya friji, akaipangusa kwenye suruali, akanipa.

"Alibakia wapi? Miye sijui mahali. Andika weye."

Bado nimemkasirikia, na naona nitamkasirikia kwa muda, kwa sababu ya kile kiti, kwa sababu ya viatu, na kwa sababu ana makovu yake ambayo siwezi kumnyima. Lakini ramani ilikuwa inateleza ukutani, gundi imechoka, na yeye ndiye aliyeibana kwa viganja vyote viwili, juu na chini, ili isicheze.

Niliandika juu ya kijani cha msitu, kuanzia penye ule mto. CIBALONZA. Herufi zangu za ubaoni, za ualimu. Hapakuwa na nafasi, kwa hiyo nimepita juu ya Walikale, juu ya tarehe yake na neno lake, na jina la mama yangu limetoka kubwa kuliko Kisangani.